Uso wa Yesu ukutani: Je, ni picha au ni mchoro?

Ukiingia katika sebule nyingi za Wakristo nchini Kenya, huenda ukakutana na uso mmoja kabla hujaonyeshwa pa kuketi. Ni uso wa mwanamume mwenye nywele ndefu za hudhurungi, ndevu fupi zilizogawanyika kidogo kidevuni, na macho yanayotazama juu, pembeni mwa mtazamaji. Kama hauko kwenye fremu ya kioo, basi uko kwenye kalenda au kibandiko cha matatu. Muulize mtoto wa nyumba hiyo ni nani huyo naye atakujibu papo hapo: "Hiyo ni picha ya Yesu."

Sina nia ya kumkosoa mtoto, wala kuikejeli imani ya wazazi walioutundika uso huo. Hata hivyo, katika jibu lake mna neno moja ambalo sisi tunaojishughulisha na lugha hatufai kulipita hivihivi. Neno lenyewe ni picha. Kiswahili cha kila siku kimelitwika neno hili mizigo miwili: kilichopigwa kwa kamera ni picha, na kilichochorwa kwa mkono pia ni picha. Kamera huhitaji mtu awe mbele yake. Mkono wa mchoraji hauhitaji hivyo. Unaweza kumchora mtu ambaye hakuna aliye hai aliyewahi kumwona. Mizigo hii miwili inapochanganyika, mchoro hupewa hadhi ya ushahidi, nasi tunasahau kuuliza ulichorwa na nani, lini na kwa nini.

Hoja yangu ni kwamba uso ule unaweza kusomwa kama tunavyosoma shairi. Una toni na una taashira. Lakini hatuwezi kuusoma maadamu tunauita picha na kuishia hapo.

Maneno yana historia

Neno picha ni mgeni wa juzijuzi, tuliyemtohoa kutoka Kiingereza. Kabla yake tulikuwa na sanamu, neno lenye asili ya Kiarabu ambalo katika matumizi ya zamani lilijumuisha kinyago, mungu wa kuchongwa, na hata mfano wa kitu uliochorwa bapa. Leo sanamu imebaki zaidi kwa vitu vya kuchongwa na kufinyangwa. Tunalo pia neno sura, linalomaanisha uso na umbo la kitu, na taswira, ambalo wahakiki wamelitwaa kueleza kile kinachojengeka akilini mwa msomaji. Maneno haya mawili ya mwisho yanatokana na mzizi mmoja wa Kiarabu.

Kitenzi kuchora nacho si cha jana. Kiliambatana na kukata na kukwaruza alama juu ya kitu kigumu, jambo lililo karibu sana na kazi ya mafundi wa Lamu na Mombasa wanaotia nakshi milango ya mbao. Hadi leo bibi harusi wa pwani huchorwa hina na piko mikononi na miguuni. Katika matumizi yote haya mkono wa fundi hausahauliki. Hakuna anayetazama hina akadhani imeota yenyewe kiganjani. Wanawake wakiiona, swali huwa tayari mdomoni: "Amekuchora nani?"

Hilo ndilo swali ambalo hatuulizi tunapoutazama uso ulio ukutani. Basi hebu tuliulize.

Makaa na karatasi mjini Chicago

Miongoni mwa nyuso za Yesu zilizosambaa zaidi katika karne ya 20 ni ule wa Warner Sallman. Sallman alizaliwa mwaka wa 1892 akafariki mwaka wa 1968. Alikuwa mchoraji wa matangazo ya biashara mjini Chicago, Marekani, na muumini wa dhehebu lililoanzishwa na wahamiaji kutoka Uswidi. Mwaka wa 1924 alitakiwa kuchora jalada la jarida la dhehebu hilo. Kwa masimulizi yake mwenyewe, siku ya kuwasilisha kazi ilikaribia akiwa hana wazo lolote, hadi uso huo ulipomjia usiku wa manane. Aliuchora kwa makaa. Ndiyo kusema, uso ambao leo tunaujua kwa rangi ulianza kama mchoro wa weusi na weupe.

Mwaka wa 1940 aliurudia uso huohuo kwa rangi za mafuta. Wachapishaji wakauchukua, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia wanajeshi wa Marekani waligawiwa nakala ndogo za kutiwa pochini. Baada ya vita mchoro ulivuka bahari pamoja na vitabu na vifaa vya mafundisho ya dini. Hukadiriwa kwamba umechapishwa zaidi ya mara milioni 500.

Je, Sallman aliutoa wapi uso wenyewe? Si katika Injili. Waandishi wote wanne hawasemi lolote kuhusu rangi ya nywele, urefu wa pua wala umbo la ndevu za Yesu. Wakristo wa awali, maadamu hawakuwa na maelezo, walijichagulia. Katika makaburi ya chini ya ardhi mjini Roma, Yesu huchorwa mara nyingi kama kijana mchungaji asiye na ndevu, aliyembeba kondoo mabegani. Kuanzia karne ya 4 ndipo tunapoanza kuona nywele ndefu na ndevu. Baadaye, katika Zama za Kati, ilizuka barua iliyodaiwa kuandikwa na afisa wa Kirumi kwa jina Lentulus, ikieleza nywele zilizopasuliwa katikati na ndevu zenye ncha mbili. Wataalamu wanakubaliana kwamba barua hiyo ni ya kughushi. Lakini wachoraji waliipenda, na iliyoyaeleza ndiyo hayohayo tunayoyaona ukutani.

Kwa hivyo Sallman hakuchora kutokana na mtu. Alichora kutokana na michoro. Ni kama mshairi anayetunga kwa kufuata bahari iliyokwisha kuwapo: vina na mizani amevirithi, ila sauti ni yake.

Toni: Jicho, mwanga na ukimya

Wanafunzi wetu wa shule za upili huulizwa kila mwaka wataje toni ya shairi. Wengi hujibu, "Toni ni ya huzuni," wakaweka kalamu chini. Mtahini hatosheki, kwani anataka ushahidi. Ni neno gani limeileta huzuni hiyo? Ni mshororo upi? Tukiutazama mchoro tudaiane vivyo hivyo. Watu wengi husema uso wa Sallman ni mpole na wenye utulivu. Sawa, lakini upole huo umeletwa na nini?

Kwanza, ni macho. Yesu huyu hakutazami. Anatazama juu na kando, kama anayemsikiliza mtu ambaye wewe humwoni. Linganisha na mchoro maarufu wa Kristo uliohifadhiwa katika monasteri ya Mtakatifu Katerina, mlimani Sinai, nchini Misri, ambao ni wa karne ya 6. Yule anakukabili ana kwa ana. Tena mchoraji wake aliupa uso pande mbili zisizolingana: upande mmoja jicho ni tulivu, upande wa pili jicho na nyusi vimekazwa. Wafasiri wengi wanaona humo huruma na hukumu zikikaa katika uso mmoja. Mbele ya Kristo wa Sinai wewe ndiwe unayetazamwa. Mbele ya yule wa Sallman unaweza kukaa, ukanywa chai, ukagombana na jirani, naye haondoi macho yake huko juu. Utulivu upo, ndiyo, lakini nao una umbali fulani ndani yake.

Pili, ni mwanga. Katika michoro ya kale, utakatifu hutangazwa kwa duara la dhahabu nyuma ya kichwa. Duara hilo ni taashira ya wazi. Halidai kuwa kitu kilichoonekana kwa macho. Sallman aliliondoa. Mahali pake aliweka mwangaza laini unaomzunguka Yesu kichwani na nuru inayomwangukia usoni, mfano wa taa za studio. Utakatifu bado umo, ila umevishwa nguo za kawaida. Ndiyo maana jicho letu halishtuki.

Tatu, ni yale yasiyokuwapo. Mchoro unaishia mabegani. Hakuna mikono, basi hakuna makovu ya misumari. Hakuna msalaba, hakuna wanafunzi, hakuna mlima wala ziwa. Hakuna mahali wala saa. Mwanafasihi anajua kwamba ukimya katika shairi nao husema. Hapa ukimya unasema kwamba mtu huyu anaweza kuwa popote, yaani hata sebuleni mwako. David Morgan, mtaalamu wa Marekani aliyeuchunguza mchoro huu kwa kina, ameonyesha jinsi unavyokaribiana na picha za studio za enzi yake. Hapo ndipo mkanganyo wa neno letu picha unapopata nguvu. Mchoro wenyewe uliundwa ufanane na picha!

Nne, ni mstari, au tuseme kukosekana kwa mstari. Makaa hupakazwa kwa kidole hadi ukingo ukapotea. Shavu linayeyukia kivulini, na nywele zinayeyukia gizani. Alipohamia rangi za mafuta, Sallman aliuhifadhi ulaini huo kwa rangi za hudhurungi na dhahabu. Hakuna kinachokwaruza jicho. Ukiwa mwanajeshi mwenye hofu, au mama aliyekesha na mgonjwa, ulaini huo ni faraja ya kweli. Hatufai kuubeza.

Taashira: Cha mchoraji na cha mtazamaji

Kutoka toni tuingie kwenye taashira, na hapa yafaa tuwe waangalifu zaidi. Morgan alikusanya barua za watu waliouenzi mchoro huu. Baadhi yao walieleza kwamba wakiutazama vizuri huona kikombe cha Ekaristi kwenye kipaji kando ya jicho, na mkate wa Ekaristi kwenye paji la uso. Wengine waliuona uso uleule kuwa wa mwanamume shupavu, ilhali wakosoaji walilalamika kwamba una ulegevu. Ajabu ni kwamba Sallman, kwa kauli yake, alikuwa amehimizwa na mwalimu wake wa Biblia amchore Kristo mwenye uanaume, asiye legelege. Alikusudia hili, watu wakaona lile.

Je, waliokiona kikombe walidanganyika? La hasha. Lakini tutenganishe mambo mawili. Kuna taashira iliyomo kwenye mchoro, ambayo unaweza kumwonyesha mwenzako kwa kidole: nuru, macho yaliyoinuliwa, vazi jeupe. Kuna pia taashira ambayo mtazamaji anaileta kutoka katika maisha na ibada yake. Zote ni halali, ila si za aina moja, wala haifai ya pili ijifanye ya kwanza.

Mfano mzito zaidi ni rangi ya ngozi. Mjini Chicago mwaka wa 1924, ndani ya dhehebu la watu wenye asili ya Uswidi, weupe wa uso huo huenda haukuonekana kuwa taashira hata kidogo. Ulikuwa uso kama wa mjomba. Ukiuchukua uso huohuo ukautundika katika nchi ambayo hakimu, mkuu wa wilaya, mlowezi na mhubiri wote wana sura ya jamii hiyo, rangi inakoma kuwa rangi. Inaanza kusema. Inamwambia mtoto, bila kutamka neno, kwamba mwenye kuokoa anafanana na mwenye kutawala. Sallman hakuliandika hilo kwa makaa yake. Liliandikwa na historia, juu ya karatasi yake. Hapo ndipo tunapoona kwamba taashira si mali ya mchoraji peke yake. Mchoro ukihama, maana nayo huhama.

Wamarekani weusi waliliona hilo mapema. Mwaka wa 1967, kanisa moja mjini Detroit lililoongozwa na mchungaji Albert Cleage lilizindua mchoro mkubwa wa Maria mweusi akiwa na mwanawe. Lakini huku kwetu, jibu lilikuwa limekwisha kutolewa miaka minane kabla.

Jibu kutoka Murang'a

Elimo Njau ni mzaliwa wa Marangu, chini ya Mlima Kilimanjaro, aliyesomea sanaa katika chuo cha Makerere. Miaka ya 1950, Kenya ikiwa katika hali ya hatari, lilijengwa kanisa la Kianglikana mjini Murang'a, wakati huo ukiitwa Fort Hall, kuwakumbuka Wakristo waliouawa katika vita vya Mau Mau. Njau alipewa kuta za kanisa hilo azichore. Kazi ilikamilika mwaka wa 1959: michoro mitano mikubwa ya kuzaliwa kwa Yesu, ubatizo wake, karamu ya mwisho, sala ya Gethsemane, na kusulubiwa. Yesu ni Mwafrika, na mandhari ni ya nyanda za juu za katikati mwa Kenya.

Wengi wanaoizungumzia michoro hii huishia kwenye rangi ya Yesu. Mimi naona tofauti kubwa zaidi iko penginepo. Uso wa Sallman hauna mahali. Yesu wa Njau anapo. Uso wa Sallman uko peke yake. Yesu wa Njau yumo katika kisa, miongoni mwa watu. Uso wa Sallman hauna jeraha. Yesu wa Njau anasulubiwa katika nchi ambayo damu ilikuwa haijakauka, ndani ya jengo lililosimamishwa kwa ajili ya waliouawa. Toni haiwezi kuwa ile ya utulivu usio na tukio. Mtazamaji wa Murang'a wa mwaka huo wa 1959 hakuwa na nafasi ya kusahau alipo.

Je, tuseme basi kwamba Njau ndiye aliyemchora Yesu "wa kweli"? Hapana. Yesu wa historia alikuwa Myahudi wa Galilaya, hakuwa Mswidi wala Mkikuyu. Mwaka wa 2001 mtaalamu wa Uingereza, Richard Neave, alitumia fuvu la mwanamume wa karne ya kwanza kutoka eneo la Jerusalem kuunda sura ya jinsi watu wa huko walivyofanana: uso mpana, ngozi iliyokolea, nywele fupi za kipilipili. Hata hiyo si sura ya Yesu. Ni ya mtu wa zama zake. Kadhalika, filamu ya Yesu ya mwaka wa 1979, iliyotafsiriwa kwa Kiswahili na lugha nyingine nyingi, ilimtumia mwigizaji Mwingereza, Brian Deacon. Uso wake ukichapishwa ukatundikwa, hiyo kweli ni picha kwa maana ya kamera, ila ni picha ya Bwana Deacon.

Tofauti ya Njau ni kwamba hakumficha mchoraji. Ukiingia kanisani Murang'a unajua mara moja kwamba kuna mtu aliyefikiri, akaamua, akachora. Huwezi kudhani kamera ilikuwapo. Mchoro wake unajitangaza kuwa ufasiri, na kwa kujitangaza hivyo unakualika nawe ufasiri.

Mwaka wa 1965 Njau na wenzake walianzisha jijini Nairobi kituo cha sanaa cha Paa ya Paa, jina linalocheza na paa mnyama na paa kitenzi cha kwenda juu. Kaulimbiu aliyoishikilia huko inajulikana na wasanii wengi: kwamba kuiga kunamlaza Mungu usingizi. Iweke kauli hiyo kando ya zile nakala milioni 500. Unaweza kuidhania ni tusi kwa waumini, lakini sivyo. Kwa maoni yangu, ni maneno ya mtu anayeamini kwamba aliyeumba nyuso zote hafurahishwi na kurudiwa kwa uso mmoja.

Tufanyeje?

Sipendekezi mtu yeyote aondoe chochote ukutani. Nyumba ni yake na imani ni yake. Ninachopendekeza ni kidogo, tena ni cha lugha. Mwalimu wa Kiswahili, mzazi, mwalimu wa dini, wote wanaweza kumzoesha mtoto kusema mchoro pale panapostahili mchoro, na kulibakiza neno picha kwa kazi ya kamera. Mtoto anayesema "huu ni mchoro wa Yesu" ameshakubali, hata kama hajui, kwamba kuna mchoraji. Kutoka hapo maswali yanakuja yenyewe: macho yanatazama wapi? Mwanga unatoka wapi? Ni nini kilichoachwa nje? Ulichorewa nani, na sasa unatazamwa na nani?

Maswali hayo hayaidhuru imani. Yaliulizwa na watu waliomwamini Yesu, wakiwemo Sallman na Njau, kabla ya kila mmoja kugusa karatasi au ukuta. Aliyemchora alilazimika kuamua; anayemtazama naye asikae akiamuliwa. Na kama mtoto anashindwa pa kuanzia, amwige shangazi yake aliyekwenda harusini pwani, aliyeiona hina nzuri mkononi mwa bibi harusi na papo hapo akauliza: "Amekuchora nani?"